Usibaki kwa Ajili ya Masikio Yangu

Zaituni mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda Rangi Tatu kuchukua nguo kwa fundi, na mimi nimesingizia mgongo ili nibaki. Mgongo wangu hauna neno. Nimebaki kwa sababu kesho unapanda ndege kwenda Uturuki, na kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana. Nikilisema kwa mdomo utanijibu, na mimi sitasikia vizuri utakachonijibu, halafu nitaitikia kwa kichwa kama kawaida yangu. Kwa hiyo naandika.

Habari za koti zito, za pasipoti ikae mfuko gani, na za kutokula nyama usiyojua imechinjwa na nani (kana kwamba huko hakuna Waislamu), mama yako ameshazimaliza, na kesho atazirudia njia nzima mpaka uwanja wa ndege. Mimi sina la kuongeza hapo. Langu ni lile ulilomwambia juzi mkiosha vyombo uani, kwamba labda uahirishe mwaka mmoja, chuo kitakungoja. Mama yako akadhani unaogopa baridi, akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nimekuelekea, nikaiona midomo yako, na nikajua unachoogopa. Unaogopa kuniacha bila masikio.

Mimi ni kiziwi, Zai. Haya, nimeandika. Sauti nene nazisikia bado: lori likipita, mlango ukibamizwa, besi ya jirani. Nyembamba ndizo zimekwenda, na maneno ya watu karibu yote yako huko kwenye nyembamba. Wewe unajua. Mimi najua kwamba unajua. Tumeishi hivyo mwaka mzima ndani ya nyumba moja, kila mtu anamsitiri mwenzake, na leo naona kusitiriana kwetu kumetaka kukuharibia safari.

Ulipozaliwa uliikuta sebule ina spika nyingi kuliko viti. Muziki wa Salumu Besi, ndivyo watu walivyouita, na harusi iliyojiheshimu kuanzia Tandika mpaka Mbagala Kuu ilikuwa lazima iukodi. Ngoma inaanza baada ya Isha, inakwisha waswalihina wanakwenda Alfajiri, na muda wote huo mwenye muziki amesimama ubavuni mwa spika zake, kwa sababu fundi anayekaa mbali na spika watu humdharau. Tulikuwa na majivuno yetu. Mwenzetu akijaribu kuweka pamba masikioni tulimcheka mpaka anaitoa. "Unauogopa mziki wako mwenyewe?" tulimwambia. Masikio yakilia kama nyenje mpaka mchana wa pili, sisi tulisema hiyo ndiyo dalili kwamba kazi ilikuwa nzuri.

Mama yako, tukiwa bado bwana na bibi harusi, alikuwa ananikunjia pamba safi na kunitilia kwenye mfuko wa shati kabla sijatoka. Pamba ile niliichovya spiriti, nikasafishia vichwa vya deki ya kaseti. Akanigundua. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, tukacheka sote wawili, maana tulikuwa vijana na methali zilikuwa za wazee.

Kisha vijana wakaja na mitambo yao mipya, muziki wa singeli ukataka kasi nisiyoiweza, magoti nayo yakagoma kubeba. Nikajitoa. Nikasema maisha yangu yote nimewapigia watu muziki wakacheza, lakini sijawahi kukaa kitako nikausikiliza. Nilitamani sana kitu hicho. Nikanunua zile spika mbili za mbao na amplifaya ya watu wastaarabu, nikaketi kwenye kiti changu katikati kama bwana.

Unaukumbuka ule wimbo wa dansi wa ujana wangu, ambao manyanga yanaanza peke yake upande wa kushoto, chaka-chaka, kabla gitaa halijaingia? Nilianza na huo. Nikabonyeza, nikangoja, kukawa kimya, halafu gitaa likaingia. Manyanga hayakuwepo. Nikakuita, nikakwambia wimbo ulionipa ni mbovu, hizi nyimbo za simu zimekamuliwa kama nguo. Ukaniletea mwingine. Nao vilevile. Basi nikabadilisha waya. Nikasogeza spika. Nikashusha mapazia ya mama yako kwa madai kwamba yanakula sauti, na nadhani hujasahau ugomvi wa siku hiyo. Nikalaumu bando, nikalaumu umeme, nikalaumu dari ya jipsamu. Nililaumu kila kilichokuwemo chumbani isipokuwa vitu viwili vilivyobandikwa kichwani kwangu.

Ndipo tukaenda Kinondoni, dukani kwa Bwana Seif. Nataka nikueleze siku ile kwa upande wangu, kwa sababu najua kwa upande wako ilikuuma.

Mtu yule alitupokea vizuri. Watu wa duka la zamani wale, babu yake aliuza vitambaa, baba yake akauza redio, yeye anauza vyombo vya muziki kwa wenye nafasi zao. Alituingiza chumba cha nyuma chenye zulia, akatuwekea kahawa, akatoa strima mbili, vile vijisanduku vya kuvuta nyimbo kwenye intaneti na kuzipeleka kwenye amplifaya.

"Hiki kidogo, mzee, kinauleta wimbo kama ulivyo," akasema. "Hiki kikubwa kinaongeza sampuli."

"Kinaongeza nini?"

Wewe ndiye uliyenifafanulia. "Baba, wimbo wa kidijitali umekatwa vipande, elfu arobaini na nne na ushee kwa sekunde moja. Hiki kikubwa kinachukua vipande viwili, kinakisia katikati yake kungekuwa na nini, halafu kinapachika."

"Kwa hiyo kinarudisha kilichopotea."

"Hapana, baba. Kinakisia tu. Ambacho hakikurekodiwa hakirudi."

"Binti anasema kweli," akasema Bwana Seif, na Mungu amlipe kwa ukweli wake. "Kinalainisha kidogo. Wapo wanaoisikia tofauti, wapo wasioisikia. Mie mwenyewe siku nyingine naisikia, siku nyingine wala."

Ukasema nichukue kidogo, kwa kuwa kina sehemu ya kupandisha sauti nyembamba nikitaka. Ulisema polepole, hukunitazama. Leo naelewa kwamba ulikuwa umeshaanza kushuku, na ulikuwa unanitafutia dawa bila kunitajia ugonjwa. Siku ile nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia mtoto anamwambia Salumu Besi achukue cha bei ndogo mbele ya mwenye duka.

"Umezaliwa juzi," nikakwambia, "utanifundisha mziki mie?"

Ukainama. Bwana Seif akaanza kufuta vumbi kwenye amplifaya isiyo na vumbi. Akauweka wimbo wangu, akabonyeza kitufe cha kikubwa, taa ikageuka kutoka buluu ikawa ya machungwa, na mimi nikapiga paja. "Naam! Manyanga yale!" Zai, sikuyasikia. Niliyakumbuka. Mtu aliyeupiga wimbo mmoja harusi zote hizo anaweza kuusikia hata strima ikiwa imezimwa. Ile taa ya machungwa ilinitosha. Nikarudi nyumbani, nikauza mabesi yangu mawili ya mwisho kwa kijana wa Yombo ili nikinunue, na nikajiona nimepanda daraja.

Jumapili baada ya chai tukawa tunakaa, mimi kwenye kiti, wewe kwenye mkeka karibu na spika ya kushoto. Nilikuwa nikikuuliza, "Unaisikia tofauti?" Nawe unasema, "Naisikia, baba." Hukuisikia. Nami sikuisikia. Sijui nani alimfundisha mwenzake uongo, ila mkubwa nilikuwa mimi.

Kisha ikaja Idd, na mama yako akasukuma spika zote mbili ili afagie nyuma. Unajua spika zile zina waya jozi mbili kila moja, moja ya besi, nyingine ya twita, kile kisahani kidogo cha juu kinachotoa sauti nyembamba. Waya za twita zikachomoka pande zote mbili, naye hakuona. Nikakaa wiki nzima kwenye kiti changu, taa ya machungwa inawaka, natikisa kidole kufuata manyanga. Hata jirani alipokuja kula pilau nilimkalisha pale nikamwambia asikilize utamu huo, naye kwa adabu yake akasema maashaallah.

Siku moja kofia yangu ikaanguka nyuma ya spika. Nikainama kuiokota, nikaziona waya zimelala sakafuni. Nikaenda upande wa pili, nako vilevile. Vumbi lilikuwa limeshaanza kuzikalia. Nilikaa palepale sakafuni, mtu niliyetengeneza spika umri wangu wote, nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Nilitaka kuzirudisha lakini mikono ilikataa. Nilipokuona unapita dirishani nikanyanyuka haraka nikarudi kwenye kiti, kama mwizi.

Asubuhi yake zilikuwa zimerudishwa, zimekazwa vizuri na kufungwa utepe mwekundu upande wa chanya, kama nilivyokufundisha. Tangu siku hiyo tukitoka ukawa unatembea kushoto kwangu, kwenye sikio lenye nafuu. Mama yako akisema kitu jikoni, unakuja unasimama mbele yangu: "Baba, mama anasema hivi." Ukawa masikio yangu bila mtu kukuajiri.

Nami sikukushukuru. Nilikukasirikia. Mwezi ule niliokuwa mkali kwako kwa kila kitu, chumvi, mlango, simu, sababu ilikuwa ni hiyo tu. Niliona haya kuonwa na mtoto wangu. Nisamehe, mama.

Nilikwenda hospitali peke yangu, hujui hilo. Mama mmoja mpole aliniingiza kwenye kichumba cha kioo, akanivalisha visikizio, akanipa kitufe, akaniambia nikisikia mlio wowote nibonyeze. Nikakaa. Nikangoja waanze. Nilikuwa najisemea moyoni kwamba watu wa hospitali kwa kuchelewa hawajambo. Mara mlango ukafunguliwa, akaniambia kwa sauti kubwa, "Mzee, tumeshamaliza." Akanionyesha kwenye karatasi mstari unaoteremka kama ngazi za kisimani. Akasema vinywele vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena, kilichopo ni kifaa cha kusaidia, na nije na mtu wa nyumbani anisikilizie maelezo. Nikamwambia nitakuja naye. Karatasi nikaitupa njiani.

Tangu hapo, Zai, mimi ndiye nimekuwa kile kijisanduku kikubwa. Nasikia kipande, nakosa kipande, nakisia cha katikati, napachika. Mara nyingi napatia, ndiyo maana watu hawajui. Nikikosea nacheka, watu wanasema mzee ana utani. Lakini siku moja pale msikitini mtu aliniambia mdogo wake amezidiwa, yuko Muhimbili, nami nikadhani amesema amezaliwa mtoto. Nikamwambia, "Mungu akuzidishie." Alinitazama kwa muda. Nami nikaongeza na tabasamu.

Na mama yako. Unamwona alivyo siku hizi. Zamani alikuwa akianza kuongea kabla jogoo hajafunga mdomo, nami ndiye niliyekuwa namwomba apumzike. Sasa anaweka chakula mezani, anafunika kawa, anaondoka. Tangu msiba wa bibi yako amepoa kwangu, halali kunielekea. Nilijiambia ni huzuni ya kufiwa na mama, nikajiambia ni utu uzima. Yote hayo niliyakisia. Sijawahi kumuuliza, kwa sababu nikimuuliza atanijibu, na huyo ndiye mtu ambaye jibu lake naogopa kulisikia nusu.

Hivyo usidhani nakufundisha. Anayekuandikia ndiye aliyefeli. Ila huko unakokwenda, mwaka wa kwanza mzima utakuwa kama mimi. Kituruki kitakupita masikioni, utashika neno hapa, neno pale. Watu watakuwa wanacheka nawe utataka kucheka nao. Mwalimu atauliza kama mmeelewa na kichwa chako kitataka kuitikia chenyewe. Najua utamu wa kuitikia. Kila mtu anaendelea na shughuli zake, hakuna anayekutazama, na wewe unabaki peke yako katikati ya watu. Aibu ya kusema "rudia" ni ya dakika moja. Mimi niliikwepa hiyo ya dakika moja, na imenigharimu: nyumba yangu mwenyewe imenyamaza.

Geti linafunguka, mmerudi. Nafunika karatasi.

*

Sasa ni baada ya Magharibi. Umekwenda kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko chumbani amejifungia. Karatasi hii ilikuwa iishie pale juu. Nilikuwa nimepanga nikuombe tu uende, nikuahidi kwamba nitajikaza, basi. Lakini niliposoma nilichokuandikia kuhusu kusema "rudia", nikaona nafundisha nisichokifanya. Nikaenda uani, mama yako alikuwa anakunja nguo zako.

"Mama Zai, kaa."

"Nina kazi."

"Kaa unitazame. Mie sisikii."

"Husikii nini?" Hilo nililiona kwenye midomo yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejiandaa kwa ugomvi.

"Sisikii. Masikio yamekufa. Miaka sasa. Zai ndiye ananisikilizia, ndiyo maana anataka asiende."

Akabaki na lile gauni lako la kijani mikononi. Nilitegemea aniambie, "Si nilikwambiaga?" Ana haki nayo, aliniwekea pamba yeye. Hakusema hilo. Akakaa kwenye kigoda, akasema kitu chini chini. Nikamwambia, "Rudia." Akanyanyua uso, akasema tena, pole pole.

"Siku ya mama. Hukunisikia?"

"Siku gani?"

"Siku mama alipofariki. Walinipigia simu kutoka Lindi. Nikaja nikasimama mlangoni, we umekaa na kijisanduku chako. Nikakwambia, 'Baba Zai, mama amefariki.' Ukanijibu, 'Haya, weka tu hapo mezani.' Hukugeuza hata kichwa."

Zai, mimi siku zote nimejua kwamba aliyeniletea habari ile ni wewe, uliporudi kutoka kwenye mtihani ukanisimamia mbele na macho mekundu. Nilinyanyuka palepale, nikatafuta gari, tukasafiri usiku kucha, nikaingia kaburini mimi mwenyewe kumpokea mama mkwe wangu. Nilijiona nimetimiza. Kumbe mama yako alikuwa ameshanijia kabla, amefiwa na mzazi wake dakika ile ile, amekuja kwa mumewe, na mumewe amemwambia aweke mezani. Nilikuwa nimekisia chai.

Akaniambia, na hapa alikuwa ameshaanza kulia, nikawa nasoma midomo inayotetemeka: "Mwaka mzima nalala na wewe, namwomba Mungu anipe moyo wa kukusamehe, na moyo hauji. Nilijua kashanichoka huyu. Nikasema nangoja Zai aondoke, na mie nirudi kwetu Lindi."

Sikujua hilo. Nilikuwa sijui kwamba nyumba hii ilikuwa inangoja wewe uondoke ili ivunjike. Na wewe ulitaka kubaki unitazamie masikio, hali mimi na masikio yangu tulikuwa tumeshamwondoa mama yako zamani, bado mwili tu.

Alilia sana. Alilia kilio cha msiba mbichi, kama simu ya Lindi imeingia leo. Nilikaa chini karibu naye, nikasema sikusikia, sikusikia, mke wangu, wallahi sikusikia. Kisha akaacha kulia. Akajifuta kwa gauni lako, utalikuta na alama, usimuulize. Akanishika uso kwa mikono miwili akanigeuza nimtazame sawasawa, akaniambia upya, kwa sauti kubwa mpaka naamini majirani wamesikia:

"Baba Zai, mama amefariki."

Nikamjibu, "Inna lillahi wa inna ilaihi raajiun. Pole, mke wangu. Pole sana. Njoo."

Akaja.

Baadaye ndipo akaingia chumbani akafunga mlango, na ndipo mimi nikairudia karatasi hii. Sijui kama amenisamehe. Kuna mambo mtu anayasamehe siku ile ile halafu inambidi ayasamehe tena kesho yake, na keshokutwa. Lakini alipokuwa anaingia chumbani alisimama, akageuka mpaka nikamwona uso, akasema Jumatatu tunakwenda wote kwa yule mama wa hospitali, na ole wangu nisingizie mgongo. Halafu akaanza kunigombeza. Amenigombeza kwa muda mrefu, kuhusu pamba, kuhusu mapazia, kuhusu harusi za watu, yote ameyakusanya. Nimeshika kama nusu. Kwa kila nisichokishika nimesema "rudia", naye amerudia kwa hasira, na sijapata furaha kama hiyo tangu mwaka jana, ingawa machozi yalikuwa yananitoka.

Hivyo kazi uliyokuwa unaifanya imepata mwenyewe, Zai. Hujatuacha na pengo. Kama ungebaki, ungebaki katikati yetu, unabeba maneno ya huku kuyapeleka kule, na sisi tusingejua kamwe kwamba tunaweza kuyabeba wenyewe. Inaniuma kuandika hivyo, kwa sababu nitakukosa sana. Nitakukosa kwenye mkeka Jumapili. Sauti yako ni nyembamba kama ya mama yako, na kwenye simu haitanifikia. Huo ndio ukweli, hata kifaa hakitairudisha yote. Ukipiga utaongea na yeye, naye atanigeukia aniambie. Mimi niandikie. Andika marefu, hata ya mambo ya kijinga, nani kasema nini, mkate wao ukoje, theluji inafananaje. Yakiandikwa nayapata yote, bila kukisia.

Na kesho pale uwanjani najua utataka kunikumbatia unisemee sikioni, kama watu wanavyofanya. Usifanye hivyo. Simama mbele yangu, nishike mabega, niage kwa sauti, acha watu wageuke watutazame.

Baba yako,
Salumu